Uzi maalum kwa wanaounguza wali kwenye gesi: tatizo sio maji, ni moto

mpishi_wa_mtaa

Habari za muda huu wadau. Siku hizi watu wengi wamehama mkaa, bei imepanda na serikali nayo imekazia, ule mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, sawa, mitungi tumenunua, ila hakuna aliyekaa na sisi akatuambia kwamba wali wa mkaa na wali wa gesi havipikwi kwa mkono mmoja. Matokeo ndo hayo, chini umeungua, katikati bokoboko, juu una kiini, na kila ukiuliza unaambiwa "ongeza maji".

Usiongeze maji. Ngoja nieleze kinachotokea mle ndani, ukishakielewa hata vipimo hutavihitaji sana.

Maji hapa Dar yanachemka kwenye nyuzi 100, na yakishafika hapo hata uwashe moto wa namna gani hayapandi tena, yanageuka mvuke tu na kuondoka. Kwa hiyo muda wote ambao chini ya sufuria kuna maji ya kutosha wali hauwezi kuungua. Balaa linaanza pale maji yanapokauka kwenye kitako huku moto bado ni uleule wa kuchemshia. Hapo hakuna tena kitu cha kulizuia joto, linapanda chap, likifika 140 au 150 hivi wali unaanza kubadilika rangi, huo ndo ukoko, watoto wanagombania. Ukiuacha dakika chache mbele ya hapo umeshaharibu sufuria nzima maana harufu inapanda mpaka juu.

Sasa wewe uliyeongeza maji umefanya nini? Umeahirisha tu. Maji yatakauka hata hivyo, moto utakuwa uleule, utaungua uleule, ila safari hii wali wa juu umeshalainika kupita kiasi.

Mkaa ulikuwa unatusaidia kimyakimya. Wali ukikauka unatoa makaa chini unabakiza mawili matatu, mengine unapalia juu ya mfuniko, kwa hiyo moto wa chini unapungua wakati ndo unatakiwa kupungua na joto linatoka juu. Gesi haipungui yenyewe, ni wewe na mkono wako, na huwezi kuipalia juu. Kazi ya yale makaa ya juu inabidi ifanywe na mvuke, yani mfuniko ubane kweli.

Navyofanya mimi: mchele naosha mpaka maji yaache kuwa meupe sana, naloweka kama nusu saa, nachuja. Maji na chumvi na mafuta kidogo vikichemka natia mchele, nakoroga mara moja tu usishike chini, moto wa kati, mfuniko nimeuegesha. Nasubiri maji yashuke mpaka usawa wa mchele, utaona vile vishimo vimejitokeza juu na mlio unabadilika, ile gudugudu ya maji mengi inaisha inakuwa mlio mwembamba wa kuchirizika. HAPO ndo moto unashuka mpaka mwisho kabisa. Sio ukishasikia harufu, ukisikia harufu umeshachelewa. Nafunika kwa kubana, dakika 12 mpaka 15, nazima, naacha tena dakika 10 bila kufunua. Zile kumi za mwisho watu wanazidharau lakini ndo unyevu unajigawa, na hata uliotaka kushika chini unaachia wenyewe.

Karibuni kwa maswali, wenye ujuzi zaidi mnirekebishe.

Bachela wa Sinza

Nakaa siti ya mbele kabisa. Swali mkuu, mi natumia ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lake juu, ukipunguza moto unazima, ukiuacha unakuwa mkali. Nifanyeje?

mpishi_wa_mtaa

Hilo jiko ni janga kwa wali, moto wote umekusanyika katikati kwenye duara dogo na sufuria zetu nyingi ni nyembamba. Chukua kile chuma cha kupikia chapati, kiweke juu ya jiko, alafu sufuria juu ya chuma. Moto unapiga chuma, chuma kinasambaza joto, wali unapata joto la taratibu kitako kizima. Unaweza kuchemsha kawaida bila chuma, maji yakishuka usawa wa mchele ndo unachomeka chuma chini. Kama kina mpini wa plastiki usikitumie, utayeyuka. Na hakikisha sufuria imekaa sawa maana hiyo mitungi midogo ikibeba mzigo mrefu inayumba, watoto wakae mbali.

Pia usikae kwenye upepo. Moto mdogo ukizimwa na upepo gesi inaendelea kutoka, na hii gesi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini sakafuni, hivyo ukisikia harufu yake funga mtungi, fungua mlango, usiwashe wala kuzima taa.

Ngosha_wa_Kahama

Nyongeza kwa wenye jiko la plate mbili, wengi hamjui moto mdogo uko wapi. Ukitoka kwenye kuzima ukizungusha kitufe unakutana na moto mkubwa kwanza, ukiendelea kuzungusha mpaka kigote ndo mdogo. Watu wanarudisha nyuma kuelekea kuzima wakidhani ndo wanapunguza, moto unakuwa unayumbayumba mara unazima. Zungusha mpaka mwisho wa upande wa pili.

Bachela wa Sinza

Duh. Jiko la dada yangu liko hivyo na miaka yote namuona anarudisha nyuma 😂

BiHusna wa Tanga

Salaam aleikum wanangu. Mleta uzi umesema vizuri lakini wali wa nazi umeuruka na huo ndo unaoungua kuliko wote. Tui lina mafuta, lina sukari yake, vinashuka chini vinashika kabla hata maji hayajaisha. Sasa nyinyi vijana mnachukua tui lote mnalimwaga pamoja la kwanza na la pili alafu mnalalamika.

Mchele unapikwa na tui la pili, lile jepesi, na mpaka lichemke unakoroga usiache maana likiachwa linakatika. Mchele ukishakunywa tui jepesi ukabaki na unyevu kidogo ndo unamiminia tui zito la kwanza juu, unageuza kwa mwiko taratibu mara moja, unapunguza moto, unafunika. Kwa hivyo lile zito halikai muda mrefu kwenye moto mkali na wali unabaki na ladha ya nazi, hauwi na harufu ya kuungua. Wa tui la kopo wapunguze kwa maji, lile la kopo lote ni zito.

mpishi_wa_mtaa

Waaleikum salaam bi mkubwa, shikamoo. Hapo umenifunza, mi wali wa nazi huwa napunguza moto mapema tu lakini kugawa tui mara mbili ndo sahihi.

BiHusna wa Tanga

Marahaba mwanangu. Na iliki mbili tatu usisahau.

dogo_wa_hostel

Vipimo jamani!! Kila mtu anasema "maji kiasi". Kikombe kimoja cha mchele maji vikombe vingapi? Mitandaoni wanasema kimoja kwa viwili, nikipika kikombe kimoja unakuwa poa, nikipika vitano kwa ajili ya washkaji unakuwa uji.

mwalimu_wa_sayansi

Dogo umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Mchele wenyewe ili uive unakunywa maji karibu sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe, labda na kidogo juu kama unapenda laini. Maji mengine yote unayoweka ni ya kupotea kwa mvuke. Sasa mvuke unaopotea unategemea upana wa sufuria, ukali wa moto, mfuniko unabana kiasi gani na muda wa kupika, hautegemei sana umeweka mchele kiasi gani. Kwa hiyo ukipika kikombe kimoja, kimoja kinanywewa na karibu kimoja kinapotea, jumla viwili, sawa. Ukipika vitano kwenye sufuria hiyohiyo, vitano vinanywewa na kinachopotea bado ni kimoja au kimoja na nusu. Jumla sita na nusu hivi. Wewe uliweka kumi. Lazima uwe uji.

Ndo maana mama zetu walikuwa wanapima kwa kidole, maji yasimame juu ya mchele kiasi cha pingili ya kwanza, uwe mchele wa watu wawili au wa watu kumi. Ile pingili ndo maji ya kupotea, haibadiliki. Hawakuandika popote lakini hesabu iko sawa kuliko hiyo ya kimoja kwa viwili.

dogo_wa_hostel

Aisee. Nimedanganywa maisha yangu yote

Kitonga

Mwalimu sikubaliani sana, pingili inategemea mchele. Mchele mpya uliotoka shambani juzi ukiupa pingili nzima unakuwa ugali. Mi nimekulia Kyela, mchele wa mavuno mapya tunaujua kabisa, unanukia vizuri lakini hautaki maji, uliokaa stoo miezi mingi unakunywa na unachambuka. Sokoni uliza "mpya au wa mwaka jana", muuzaji mkweli atakwambia. Na mchele wa kuchanganywa ndo mbaya zaidi, unanunua unaambiwa Kyela tupu kumbe nusu yake ni mwingine, mmoja umeiva mwingine bado, unaongeza maji kuuivisha ule mgumu, ule laini umeshakufa.

mwalimu_wa_sayansi

Hapo kwenye mpya na wa zamani nakubali mia kwa mia, na anayeloweka naye apunguze kwa sababu mchele umeshakunywa kabla haujafika jikoni. Nilichosema ni mahali pa kuanzia.

Wanjiku_wa_Roysa

Niaje watu wa Bongo, nasoma tu huu uzi kutoka Nairobi. Huku kuna kitu nyinyi wa Dar hamwezi kujua, tuko juu, karibu mita 1,700 na kitu, maji yanachemka kama nyuzi 94, so pishori ya Mwea ukiipika na dakika zako za Dar itakuwa na kiini. Lazima ikae kwa moto mdogo muda mrefu zaidi, dakika 20 hivi, na sufuria ifunikwe vizuri maana muda ukiongezeka maji nayo yanaisha mapema. Mi huweka foil chini ya kifuniko inashikilia steam yote. Maharagwe usiniulize, bila pressure cooker utazeeka hapo jikoni.

mtu_wa_Njombe

Dada wa Nairobi umesema ukweli, sisi Njombe tuko karibu mita 2,000, ndugu zangu wa Dar wakija wanapika wanashangaa mbona haiivi, wanaongeza moto, unaungua chini na juu bado mbichi. Moto mkubwa hauongezi joto la maji, mleta uzi ameshasema. Unaongeza muda, sio moto.

mama_lishe_Tandika

Mnaongea foil, foil, hapa sokoni wengi wanafunika wali na mfuko wa nailoni alafu mfuniko juu. Unaiva kweli lakini mi nimeacha.

mpishi_wa_mtaa

Uache na wenzako uwaambie waache. Mvuke wa moto unakaa kwenye nailoni dakika 20, ile mifuko haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mifuko yenyewe ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 sasa hata inakotoka hujui. Jani la mgomba lipo, limepitishwa motoni kidogo lilegee, linabana kuliko foil na wali unanukia. Au kitambaa safi cha pamba chini ya mfuniko, ila zile ncha zake uzifunge juu ya mfuniko zisining'inie karibu na moto.

Injinia mvivu

Nyie mnahangaika, nunueni raisi kuka mlale. Toshiba waliuza ya kujizima yenyewe Japani mwaka 1955, miaka 70 imepita bado mnasikiliza vishimo.

mpishi_wa_mtaa

Umeme ukikatika unapika na nini mkuu 😂 Ila nashukuru umeitaja, maana raisi kuka inafanya kitu kilekile nilichoeleza. Haijui wali umeiva wala haihesabu dakika, zile za kawaida kitako chake kinapima joto tu. Maji yakiwepo joto linakaa kwenye 100, yakiisha linapita hapo, kitufe kinaruka "tak" inahamia kwenye moto wa kutunza. Basi. Hicho kitufe kwenye gesi ni wewe.

Injinia mvivu

Nimekubali yaishe. Ila mi siwi kitufe.

Mzee wa Pilau

Pilau je? Hapo wengi mnachemka. Kitunguu kimekaangwa mpaka kahawia, nyama imeshika kitako, viungo vimetulia chini, alafu unatia maji juu bila kukwangua. Ile iliyoganda ndo itaungua ya kwanza. Ukitia supu kwanza kabla ya mchele, kwangua kitako chote kwa mwiko wa mbao mpaka kiwe safi, ladha yote inaingia kwenye supu, NDO unatia mchele. Na viazi nalaza chini, kama kuna cha kushika kishike kiazi.

Zuwena_Muscat

Huku Oman tunatumia basmati zaidi na mi nawashauri wanaoanza wapike kwa kuchuja. Maji mengi ya chumvi yachemke, mchele uliolowekwa uingie, dakika tano sita unaonja punje, ikiwa nje laini na kati bado ina ugumu mdogo unamwaga kwenye chujio. Unarudisha sufuriani na samli chini, moto mdogo kabisa, unafunika unausubiri ujimalizie kwa mvuke. Ndio tunavyofanya wali wa biriani. Hauna hesabu ya maji kabisa, kuungua kwake ni mpaka ulale.

dogo_wa_hostel

Si vitamini zote zinamwagwa?

Zuwena_Muscat

Baadhi zinakwenda na maji ndio, usipike hivyo kila siku. Lakini na mchele mweupe wenyewe umeshakobolewa mashineni, vingi vilibaki huko. Jifunze kwanza kuusoma wali, ukizoea urudi kwenye kukausha.

Asha K wa Mbagala

Samahani wapendwa, uzi nauelewa vizuri lakini mimi niko jikoni SASA HIVI na harufu imeanza, wageni wapo sebuleni. Msaada wa haraka.

mpishi_wa_mtaa

Zima. Usikoroge, usikwangue, ukikoroga umeisambaza harufu sufuria nzima. Kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi dakika mbili kitako kipoe, hamisha wali wa juu kwenda sufuria nyingine na kijiko kipana, ukikaribia chini acha, onja kila tabaka. Kama bado una kiini nyunyizia maji ya moto vijiko kadhaa, funika, moto mdogo na chuma chini.

BiHusna wa Tanga

Na kipande cha mkate uweke juu ya wali ukifunika, kinavuta harufu.

Kitonga

Bi mkubwa kwa heshima zote, mkate mi nimeujaribu nikaishia kula mkate unaonuka moshi na wali unaonuka moshi.

BiHusna wa Tanga

Uliungua sana huo, mkate haufufui maiti.

Asha K wa Mbagala

Nimeokoa robo tatu. Nimeweka mkate pia. Wageni wamekula hawajasema kitu, ila mmoja kaulizia ukoko uko wapi. Sufuria naioshaje?

mama_lishe_Tandika

Loweka na maji ya moto na sabuni usiku mmoja, kesho chemsha maji humohumo dakika kumi, linabanduka lenyewe. Magadi yanafanya haraka ila kwenye sufuria ya aluminiamu yanaiacha nyeusi, bora upate tabu na jivu laini na stili waya.

Ngosha_wa_Kahama

Kuhusu sufuria watu wananunua zile zinazong'aa za stili wakidhani ndo za kisasa. Zile nyembamba ndo zinaunguza vibaya, stili haisambazi joto, utakuta wali umeungua duara kabisa kufuata ulipo moto na pembeni mweupe. Aluminiamu nzito ya kitako kinene, hata kama ina sura mbaya, inasambaza. Za stili nunua yenye kitako cha tabaka, utaijua kwa uzito.

Bachela wa Sinza

Na makande? Mi yananiungua kila mara na hayaivi.

mama_lishe_Tandika

Mahindi na maharage umeloweka usiku kucha? Usipoloweka hiyo gesi yote utaimalizia hapo. Makande sio wali, hayapimiwi maji, maji yawe mengi muda wote na ukiongeza ongeza ya moto, ya baridi yanakatisha mchemko unaanza upya. Yakishaiva yakaanza kuwa mazito, unatia nazi na viungo, HAPO ndo usiondoke, koroga kila baada ya muda mfupi.

Zuwena_Muscat

Na hapo ndio siri ya vyote vizito. Maji mepesi yanazunguka yenyewe, ya chini yanapanda ya juu yanashuka. Kitu kikiwa kizito hakizunguki, kilichopo chini kinabaki chini kwenye moto mpaka kiungue, kwa hivyo mwiko wako ndio unaozungusha. Bokoboko la ngano na kuku linapikwa masaa, mwanzo likiwa jepesi unaweza ukaliacha, likishapondeka likaanza kuvuta ni moto wa mshumaa na mwiko usitoke mkononi. Uji wa ulezi vilevile, unga ukorogwe na maji baridi kwanza ndio uingie kwenye maji yanayochemka, na ukoroge mpaka utokote.

dogo_wa_hostel

Mtama mzima nao? Mama kanitumia kilo mbili kutoka Singida sijui hata pa kuanzia

mpishi_wa_mtaa

Loweka usiku kucha, kikombe kimoja cha mtama maji vikombe vitatu, uchemke alafu moto mdogo karibu saa zima, unaonja. Utabaki na kaukinzani kidogo mdomoni, ndo ulivyo, sio kwamba haujaiva. Maji yakibaki chuja. Huo ni mgumu kuuharibu, anza nao huo kabla hujarudi kwa washkaji wako watano.

dogo_wa_hostel

Sawa mkuu. Na ugali wa dona?

mpishi_wa_mtaa

Ugali fungua uzi wako, hapa tutapigana.